Maktaba nazo hubandika majina: jina baya kwenye kadi linamgharimu nani?

Mfanyabiashara anayevusha mzigo Kobero, Gatumba au Mugina anajua kwamba mzigo haupiti mpakani kwa jina unaloitwa sokoni. Mitumba ikifika forodhani huingia chini ya kifungu 6309 cha mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, mfumo unaotumika tangu 1988. Kifungu hicho ndicho kinachoamua ushuru. Afisa akikosea kifungu, mwenye mzigo hulipa zaidi, au mzigo hulala ghalani mpaka makosa yasahihishwe.

Maktaba nayo ina forodha yake. Kila kitabu kinachoingia hupewa namba na kichwa cha mada kabla ya kuwekwa rafuni. Namba inasema kitabu kikae wapi. Kichwa cha mada kinasema kitabu kinahusu nini, na kama kinahusu watu, kinasema watu hao wanaitwaje.

Tofauti ni moja. Forodhani mwenye mzigo yupo, na anaweza kubisha. Maktabani, watu walioandikwa kwenye kadi hawapo, na mara nyingi hawajui kabisa wameitwa nani.

Jambo hili linawagusa wazazi wengi wanaofanya biashara kati ya Bujumbura, Kigoma, Uvira na Bukavu. Juu ya mji, kwenye vilima vya Kiriri vinavyotazama Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo yake, ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Majengo hayo zamani yalikuwa Collège du Saint-Esprit, shule ya mapadri Wajesuiti. Mtoto wa muuza vitenge wa Buyenzi akifaulu na kupanda kilima hicho, atasoma historia ya nchi yake kupitia vitabu vilivyopewa majina na watu wa mbali, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga Bujumbura.

Majina yanayoagizwa kutoka nje

Mkutubi hakai chini kubuni jina la kila kitabu. Kazi hiyo ingemmaliza. Kama duka linavyopokea bidhaa zikiwa na lebo tayari, maktaba nyingi duniani hunakili kumbukumbu zilizokwisha kuandaliwa na maktaba kubwa.

Mifumo miwili ndiyo imeenea zaidi. Wa kwanza ni wa namba, uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Wa pili ni orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1898 mjini Washington. Maktaba zinazofuata desturi ya Kifaransa hutumia orodha iitwayo RAMEAU, lakini mizizi yake ni ile ile: Chuo Kikuu cha Laval huko Québec kilifasiri na kurekebisha orodha ya Washington, kisha Wafaransa wakajenga juu yake. Jina lililoandikwa Washington laweza kufika kwenye kompyuta ya Mwafrika anayesoma Kifaransa likiwa limepita Kanada na Paris, bila mtu njiani kuuliza kama ni jina la heshima.

Namba za Dewey zenyewe zinaonyesha aliyezitunga alikuwa anatazama dunia kutoka wapi. Kundi la 200 ni la dini. Sehemu kubwa ya kundi hilo, kuanzia 220 hadi 280 na kitu, ilitengewa Ukristo. Uislamu wote, pamoja na fikihi na historia yake ya karne kumi na nne, ukapewa 297. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima, na ya Kifaransa ina 840 nzima. Fasihi ya Kiswahili inabanwa kwenye 896.392, nyuma ya nukta, ikigawana 896 na lugha nyingine nyingi za Kiafrika.

Burundi ni 967.572. Rwanda ni 967.571. Kongo ni 967.51 na Tanzania ni 967.8. Namba hizi hazimtukani mtu, na mkutubi yeyote atasema kwamba lazima kila kitu kikae mahali fulani. Lakini ufinyu wa nafasi una matokeo yake. Vitabu mia vya masuala tofauti vikisongamana kwenye namba moja ndefu, msomaji hupata shida kuvitenganisha.

Jina ni jambo zito zaidi ya namba, na historia ya kulipinga ilianzia karibu na kwetu.

Kutoka Lusaka hadi Makerere

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mkutubi Mmarekani, Sanford Berman, alikwenda kufanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka. Kazi yake ilikuwa kuandaa kumbukumbu za vitabu, akitumia orodha ya Washington. Katika orodha hiyo kulikuwa na kichwa "Kafirs", kilichotumika kwa baadhi ya watu wa kusini mwa Afrika.

Kwa Mmarekani huyo lilikuwa neno la kitaalamu kama mengine. Wazambia wakamfahamisha kwamba ni tusi. Huko Afrika Kusini neno hilo ndilo Mzungu alilomtupia Mwafrika alipotaka kumshusha, na leo mtu anayemwita mwenzake hivyo nchini humo anaweza kufikishwa mahakamani. Maktaba ya chuo kikuu cha nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1964 ilikuwa inawaita Waafrika kwa neno hilo, kwa sababu tu lilikuja limechapishwa.

Berman alianza kupekua orodha nzima. Alikuta mengi: Wayahudi walioandikwa kama "swali", watu wa Asia walioandikwa kama "hatari ya manjano", jamii za Afrika zilizoitwa za kishenzi, wanawake waliotajwa kama jambo la ajabu kila walipofanya kazi ya maana. Mwaka 1971 alitoa kitabu, *Prejudices and Antipathies*, kilichotaja vichwa hivyo kimoja kimoja na kupendekeza vya kuchukua nafasi yake. Wakati huo alikuwa amehamia Kampala, akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere.

Wakubwa wa taaluma hawakumpokea kwa vigelegele. Lakini mwaka 2005 mtafiti Steven Knowlton alihesabu mapendekezo 225 ya Berman. Asilimia 39 yalikuwa yamefuatwa karibu neno kwa neno, na asilimia 24 nyingine kwa sehemu. Leo "Hottentots" hawamo tena kama kichwa, wameandikwa Khoikhoi. "Bushmen" wameandikwa San.

Hesabu hiyo inaeleza mambo mawili. Majina hubadilika pale mtu anapoyapinga kwa ushahidi. Na huchukua miaka: zaidi ya thuluthi moja ya yale yaliyolalamikiwa Lusaka na Kampala yalikuwa bado vile vile miaka thelathini na zaidi baadaye.

Mikono ya Waswahili nayo imo

Si haki kuwabebesha Wazungu mzigo wote. Neno "kafir" halikuzaliwa Washington. Ni neno la Kiarabu, lililotumiwa na Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa mtu asiye Mwislamu. Wareno walilipokea kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, Waholanzi na Waingereza wakalirithi, na kila mkono ulioshika neno hilo ulizidi kulichafua.

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba maneno pamoja na shanga na vitambaa. Watu wa bara waliitwa washenzi. Watu wa msituni wenye umbo dogo waliitwa mbilikimo, na jina hilo likaingia katika kamusi na vitabu vya shule kana kwamba ndilo jina lao walilojipa.

Hata jina la nchi yenyewe lilipita kwenye midomo ya misafara. Wajerumani, waliotawala kwa msaada wa makarani na askari waliozungumza Kiswahili, waliandika "Urundi" na "Usumbura", kwa kiambishi cha Kiswahili. Wabelgiji waliowafuata mwaka 1916 waliendelea hivyo hivyo. Ilibidi kusubiri uhuru, tarehe 1 Julai 1962, ndipo nchi ikaandikwa Burundi na mji ukaandikwa Bujumbura, kama wenyeji walivyotamka.

Mwanafunzi wa leo anayetafuta maisha ya soko la Bujumbura mwaka 1950 na kuandika "Bujumbura" peke yake anaweza kukosa nyaraka nyingi. Zimelala chini ya "Usumbura" na "Ruanda-Urundi". Katalogi nzuri humwongoza kutoka jina moja hadi jingine. Katalogi mbaya humwacha aamini kwamba hakuna kilichoandikwa.

"Nje ya mila"

Wafanyabiashara wa Buyenzi wana kisa chao. Chini ya Wabelgiji, mtaa huo pamoja na ule ulioitwa Belge, ambao sasa ni Bwiza, uliwekwa kwenye kundi la "centre extra-coutumier". Maana yake ni makazi yaliyo nje ya mila.

Utawala ulikuwa umegawa Waafrika kwenye mafungu: wenye mila, walio chini ya machifu wao vijijini, na wasio na mila, waliokaa mjini. Watu wa Buyenzi walitoka Ujiji, Kigoma, Manyema na kwingineko. Walikuwa na misikiti, ndoa, mirathi, lugha na mitandao ya biashara iliyozunguka ziwa lote. Katika karatasi za serikali wakawa watu wa pembeni, waliokosa kitu. Kwa Kirundi cha mtaani, kumwita mtu Mswahili bado huweza kumaanisha mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika.

Lebo hiyo ina uzito katika historia ya biashara. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye kaburi lake liko kwenye kilima cha Vugizo jirani na Kiriri, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Wafanyabiashara Waswahili wa mjini walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono, katika ushirika na kisha katika chama cha Uprona. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru alioupigania.

Kitabu kuhusu Rwagasore kikipewa kichwa cha siasa peke yake, ushirika ule hupotea. Anayetafuta historia ya wachuuzi wa Bujumbura hatakifikia. Na kama habari za Buyenzi zitabaki chini ya "nje ya mila", mjukuu wa mfanyabiashara hatafikiria kamwe kuandika maneno hayo anapowatafuta babu zake.

Wanaoumia zaidi nchini ni Batwa. Katika katalogi nyingi za kimataifa vitabu vinavyowahusu vimewekwa kwa miaka chini ya "Pygmies", neno lenye asili ya Kigiriki linalotokana na kipimo cha mkono, kutoka kiwiko hadi ngumi. Watu wazima wametajwa kwa kimo chao. Katiba ya Burundi ya 2005 iliwapa Batwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, kwa jina lao wenyewe. Rwanda ilichukua njia nyingine: serikali huwataja kama watu walioachwa nyuma na historia. Nchi mbili jirani, majina mawili, na mkutubi anapaswa kujua yote mawili ili msomaji asipotee.

Neno la tusi lililo ufunguo wa mlango

Mpaka hapo mtu anaweza kusema dawa ni rahisi: futa maneno mabaya, andika mazuri. Kisa cha watoto machotara wa Kongo na Ruanda-Urundi kinaonyesha kwa nini dawa hiyo inaweza kuua.

Enzi za ukoloni, watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu walichukuliwa kutoka kwa mama zao na kuwekwa chini ya masista. Wengi wa Rwanda na Burundi walipelekwa Save, kusini mwa Rwanda. Uhuru ulipokaribia, mamia yao walisafirishwa Ubelgiji. Baadhi walibadilishiwa majina. Mama zao walibaki wasijue walikopelekwa.

Mwaka 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio kuhusu watu hao. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji ikapewa kazi ya kukusanya habari zao. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuchukuliwa kwa wanawake watano, waliozaliwa Kongo, kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000.

Mtu wa miaka sabini anayetafuta mama yake leo anaingia kwenye makasha ya mafaili. Jina lake la kuzaliwa huenda halimo, maana lilibadilishwa. Njia ya kumfikisha ni neno ambalo serikali ya kikoloni ilimwandikia: "mulâtre", neno ambalo asili yake kwa wengi ni nyumbu, mtoto wa punda na farasi. Kiswahili nacho kina "chotara", ambalo wengine hulivumilia na wengine huliona la kuumiza.

Kama mkutubi mwenye nia njema angelifuta neno hilo kila mahali na kuandika jingine la staha, kasha lingebaki bila njia ya kulifikia. Hati za wakati ule hazibadiliki; ndani yake mtoto bado ameitwa nyumbu. Anayefuta neno bila kuacha alama huwa amefunga mlango mara ya pili.

Hivyo maktaba na hifadhi zinazofanya kazi hii kwa uangalifu huweka jina la heshima mbele, jina ambalo wahusika wenyewe wanalikubali. Jina la zamani hubaki nyuma kama kielekezi, pamoja na maelezo kwamba lilitumiwa na utawala wa wakati huo. Anayetafuta kwa neno lolote kati ya hayo mawili anafika kwenye kasha moja.

Kifo nacho kina jina

Burundi ina jambo jingine ambalo mkutubi hawezi kulikwepa. Mwaka 1972, chini ya Michel Micombero, uasi ulioanza mwishoni mwa Aprili ulifuatwa na mauaji makubwa, na wengi wa waliouawa walikuwa Wahutu. Warundi wengi waliyaita "ikiza", yaani janga. Mwaka 1974 René Lemarchand na David Martin waliandika ripoti iliyoyaita mauaji ya kimbari ya kuchagua. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitamka kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Familia za Watutsi waliouawa baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 nazo zinadai jina la vifo vyao.

Kati ya 1976 na 1987, utawala wa Jean-Baptiste Bagaza ulikataza kutaja makabila hadharani. Ukimya nao ni aina ya lebo. Kitabu chenye kichwa "matukio" kinaficha kilichotokea kama kile chenye kichwa cha tusi. Kisha Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ukayataja makabila waziwazi na kuagiza nusu kwa nusu katika jeshi, na Katiba ya 2005 ikagawa nafasi asilimia 60 kwa 40 katika serikali na Bunge.

Mkutubi anayeshika kitabu kuhusu 1972 hana neno lisilo na upande. Anaweza kuandika mwaka na mahali, kisha akaongeza vichwa viwili au vitatu kwa kadiri kitabu chenyewe kinavyodai, ili mtoto wa kila upande akikute. Sheria ya kazi yake inasema amfuate mwandishi kwenye anachokizungumzia. Kumhukumu mwandishi ni kazi ya msomaji.

Mpakani pia

Vita iliyojulikana zaidi miaka ya karibuni inawahusu moja kwa moja watu wanaovuka mipaka. Orodha ya Washington iliwaita wanaoishi nchini bila vibali kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "wageni haramu". Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walishirikiana na wakutubi wao kupeleka ombi kwamba kichwa hicho kibadilishwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kitendo kinaweza kuvunja sheria, lakini mtu hawezi kuwa haramu.

Ombi lilikataliwa mwanzo. Machi 2016 Maktaba ya Bunge ilikubali, kisha wabunge wa Marekani wakaingilia kati kulizuia, jambo lisilo la kawaida kwa neno la kwenye kadi. Novemba 2021 hatimaye kichwa kikaondolewa. Watu wakaitwa wasio raia, ingawa neno "haramu" lilibaki kwenye kichwa kinachohusu uhamiaji wenyewe. Wengine waliridhika, wengine wakasema ni nusu ya kazi.

Wauza nyanya, ndagala na mafuta ya mawese kwenye mipaka yetu wanaijua hoja hiyo bila kuisoma. Mama mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 ana haki ya kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini akiisha kuitwa mtu wa magendo, anapekuliwa kama mhalifu hata siku aliyo na karatasi zote. Na utafiti kuhusu biashara yake ukiwekwa rafuni pamoja na vitabu vya uhalifu na magendo, waziri anayetafuta habari za kina mama wachuuzi atawakuta kwenye fungu la wahalifu.

Gharama na njia iliyopo

Wapo wanaopinga, na si wote wana nia mbaya. Maktaba nyingi za kanda zina upungufu wa vitabu, umeme na watumishi. Kuna sababu ya kuuliza kama fedha kidogo iliyopo inunue kitabu kipya au isahihishe kadi ya zamani. Pia maneno huchakaa: linalosifiwa leo laweza kuudhi baada ya miaka ishirini, na kazi ianze upya.

Jibu linategemea chombo. Kwenye kompyuta, kichwa cha mada huhifadhiwa mahali pamoja, na kikirekebishwa pale, vitabu vyote vilivyounganishwa nacho hubadilika. Kwa kadi za karatasi ni kazi ya mkono, na hapo busara ni kuanza na vichwa vichache vinavyoumiza zaidi.

Ugumu mkubwa uko kwenye kuamua nani aulizwe. New Zealand ina orodha ya vichwa vya mada kwa Kimaori, *Ngā Upoko Tukutuku*, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na wakutubi na wataalamu wa Kimaori wenyewe. Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar, na lugha inayofahamika sokoni kutoka Mombasa hadi Bukavu. Orodha ya pamoja ya vichwa vya mada kwa Kiswahili, inayowauliza Batwa kuhusu Batwa na watu wa Buyenzi kuhusu Buyenzi, ingefaa Kiriri, Kigoma na Kisangani kwa mpigo mmoja. Lakini ikitungwa mezani bila kuuliza mtu, itarudia kosa la Washington kwa sauti ya pwani, na "mbilikimo" na "zeruzeru" yatarudi kwa mlango wa nyuma.

Orodha ya Washington yenyewe hupokea mapendekezo kutoka nje. Ndiyo njia waliyopita wanafunzi wa Dartmouth. Mwanafunzi wa Bujumbura anayekuta jina la watu wake limeandikwa kwa dharau anaweza kumwendea mkutubi na mambo matatu: jina lililopo, jina ambalo wahusika wanalitumia, na vitabu au hati zinazothibitisha. Ushahidi huo ndio unaopimwa.

Wafanyabiashara nao wana cha kuchangia. Daftari la ushirika, risiti za boti za Kigoma, picha za soko, barua za babu aliyetoka Ujiji: hizo ni nyaraka, na nyingi bado ziko kwenye masanduku chini ya vitanda. Familia inayozipeleka maktabani ina haki ya kusema ziandikwe kwa jina gani, kama mwenye mzigo anavyojaza tamko lake mwenyewe kabla ya afisa kugonga muhuri. Zikiingia bila maelezo, mtu mwingine ataamua.